Bi Kobe Aliyekataa Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa.

Kisima!

Kimekauka.

Mwenye kiu?

Asogee.

Haya, sogeeni basi. Na wewe huko nyuma acha kumchokoza mwenzio. Ngano ya leo ina mayai ndani yake, ukiisukumasukuma itapasuka.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, kobe mmoja jike alihamia nchi ya kanga. Jina lake Tuliza, ila wenyeji walimwita Bi Kobe, yakaisha. Kwao kulikuwa kumeungua moto. Kanga wakampokea vizuri, tusiwasingizie. Wakampa mahali pa kukaa kando ya kisima, penye mchanga laini, jirani na Ngiri aliyekuwa mchimbaji wa kijiji.

Bi Kobe alikuwa hajawahi kupata mtoto. Mwaka ule, Mungu si Athumani, akataga. Akayafukia mayai yake mchangani, akapapasa juu pakawa sawa. Hakumwambia mtu, maana kwa kobe mayai hayatangazwi mpaka yaanguliwe. Kila asubuhi kitu chake cha kwanza kilikuwa kwenda kuugusa ule mchanga, aone kama una joto.

Kiangazi kikashika. Kisima kikakauka, vifaranga wa kanga wakawa wanalamba mawe. Bwana Kanga, mwenyekiti, akaitisha baraza.

Baraza la kanga, wee, mngelisikia mngeziba masikio. Kwao hakuna cha zamu. Wote husema kwa pamoja, na neno lililopigiwa kelele zaidi ndilo linalopita. Wala hawagombani, ndivyo walivyolelewa. Anayekubali huinamisha kichwa kama anayedonoa. Anayekataa hupiga mbawa akapayuka.

Kwa kobe ni kingine kabisa. Kobe kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima. Ukikataa, unaingiza kichwa ndani ya gamba. Mwenzako anaelewa, anaondoka, na kesho mnasalimiana. Na kupayuka? Kobe hupayuka siku moja tu, siku ya kuzika.

Haya, mmeshaona kazi ilipo. Bi Kobe hakuiona.

Siku ya baraza la kwanza Bwana Kanga alipaza sauti juu ya sauti za wenzake. "Tuchimbe kisima kipya. Pale penye mchanga, kwa mgeni wetu. Bi Kobe, wewe unasemaje?"

Bi Kobe akayakumbuka mayai yake. Akaingiza kichwa.

"Ameinama," wakasema kanga. "Amekubali. Mgeni mwenye adabu huyu."

Bi Kobe akarudi kwake amepoa. Alijisemea, nimekataa na wameona, yamekwisha. Siku ile hata alikula majani kwa hamu.

Mara akamwona Ngiri anakuja na pembe zake, anachora mstari mchangani, anazunguka. Mstari ulipita juu ya mayai.

"Unafanya nini, jirani?" akauliza.

"Napima, mama. Wamesema umekubali."

Bi Kobe hakuweza kumkatalia usoni. Akawaza, labda sikukataa vya kutosha. Labda kwao mtu hukataa zaidi ya mara moja.

Baraza la pili likaja. Akaulizwa tena. Safari hii akaingiza kichwa na miguu ya mbele, akakaa hivyo kitambo kirefu, ili hata mjinga aelewe. Kanga wakacheka kwa furaha. "Tazameni, leo amepiga na magoti."

Sasa hofu ikamkaa Bi Kobe. Akila, ipo. Akilala, ipo. Akafunga safari mpaka nyumbani kwa Bwana Kanga, akamkuta anajitia vumbi, akamsogelea na kumnong'oneza, "Mwenyekiti, nina neno. Lakini ni la faragha."

Bwana Kanga akarudi nyuma. "La faragha? La, mama. Kwetu neno la pembeni ni fitina. Sema barazani, mbele ya watu."

"Barazani nitasema lini? Hamnyamazi."

"Tunyamaze kwa nini? Mkutano wa kunyamaza ni mkutano gani?"

Bwana Kanga alimshangaa kweli, hakuwa na ubaya. Bi Kobe akarudi mdogo mdogo, njia nzima anayafanyia mazoezi yale maneno: mchanga ule una watoto wangu. Mchanga ule una watoto wangu.

Baraza la tatu. Bi Kobe akakaa mbele kabisa, kinywa tayari. Akangoja wanyamaze. Wakasema. Akangoja. Wakasema. Akafungua kinywa, wakamzidi. Jasho lingemtoka, basi tu kobe hana jasho. Na kati ya zile kelele akaulizwa, "Bi Kobe, kesho tuanze?"

Akaingia mzima mzima. Kichwa ndani, miguu ndani, mkia ndani. Kwao hakuna kukataa kulikozidi hapo. Kobe akiingia mzima mzima mbele ya watu, hata mkwe huomba radhi.

Kanga wakashangilia. Nchi ikatetemeka.

Kesho yake wakaja mapema, ukoo mzima, wanaimba. Wakamkuta Bi Kobe amekaa juu ya mayai yake, ameganda. "Ametuwekea alama," wakasema. "Asante sana mama, sasa kapumzike kivulini." Wakamsukuma kwa upole, wakamweka chini ya kichaka, tena wakamfunika kwa majani asichomwe na jua. Wema ule ulimuuma kuliko matusi.

Ngiri akapiga magoti. Ngiri hachimbi amesimama, mnajua. Huweka magoti chini, pua mchangani, ndipo anachimbua. Akaanza. Mchanga ukaruka.

Bi Kobe alikuwa anausikia mchanga kutoka ndani ya gamba. Sauti ilikuwepo kifuani, ila ilikuwa sauti ya msiba. Akawaza, nikipayuka nitakuwa nimewalilia watoto wangu wangali hai, nimewazika kwa mdomo wangu. Na nisipopayuka, Ngiri atawazika.

Akatoa kichwa. Akapayuka.

Sauti ya kobe mnaifahamu? Ni kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kanga walikuwa wanaimba, hawakusikia kitu. Lakini Ngiri, kwa kuwa alikuwa amepiga magoti na masikio yake yako chini sawa na kobe, akasikia. Akasimamisha pembe.

"Nani analia?"

Kanga mmoja mmoja wakakoma kuimba.

"Mna watoto wangu humo," akasema Bi Kobe.

Ngiri akaangalia chini. Pembe yake ilikuwa imelowa ute. Yai moja lilikuwa limepasuka. Mengine yalikuwa yamelala pale wazi, meupe.

Bwana Kanga akalisogelea lile yai, akalitazama. Kisha akasema polepole, "Lakini mama, ulikubali mara tatu, sote tumeona."

"Nilikataa mara tatu," akasema Bi Kobe. "Nyote mmeona."

Ndipo akawaeleza, na siku hiyo walinyamaza mpaka akamaliza. Ngiri alilia. Akayafukia yale mengine kwa pua yake, taratibu, kisha akaenda kuchimba kwenye changarawe, mbali, na pembe moja ikakatika kabla hajafika kwenye maji. Hakulalamika.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mayai yakaanguliwa.

Baada ya hapo likaitwa baraza jingine, la kugawana zamu za kisima. Bi Kobe akaja na wanawe. Bwana Kanga akauliza kama wote wameridhika, kelele kama kawaida. Mara kanga mmoja akakiona kitoto cha kobe, kule pembeni, kimeingiza kichwa.

"Nyamazeni," akasema. "Kuna aliyekataa."

Baraza zima kimya. Bwana Kanga mwenyewe akashuka kwenye kichuguu chake, akapiga magoti kama Ngiri, akauliza, "Mwanangu, umekataa nini?"

Kitoto kikatoa kichwa, macho mazito. Kilikuwa kimesinzia.

Walicheka mpaka manyoya yakawadondoka. Bi Kobe naye akacheka, huku machozi yanamtoka, kwa ajili ya lile yai moja lililopasuka.

Basi shikeni hili: ukiishi na watu wa desturi nyingine, usihesabu kichwa kilichoinama kuwa ndiyo. Muulize kwao kukataa kukoje. Nawe mgeni, usingoje mpaka msiba ndio ukufundishe kupaza sauti.

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, chukueni mkagawane. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie chumvi.