Kiti Kimoja cha Lwambi

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Nikimaliza kusimulia nitataka jibu, na sitakubali mtu aniambie hakusikia.

Ng'ambo ya Mto Lwambi walikaa watu watatu. Wa kwanza ni Nyamizi, mkulima wa karanga, mwanamke asiyejua kumeza neno. Ubaya akiuona atausema, hata aliyeufanya awe amesimama mbele yake na bunduki. Wa pili ni Kapela, diwani wa kata yao, mtu mgumu: akishasema hapana, ni hapana. Wa tatu ni Shigela, mfugaji, mpole, mwenye kifua cha kubeba uchungu wake na wa wenzake.

Mbunge walikuwa naye. Lakini jimbo lilikuwa kubwa mno, na kura nyingi zilikuwa mjini, upande wa pili wa mto. Mheshimiwa alikuja kuomba kura, akapewa, akaenda zake. Zahanati haikuonekana, daraja halikuonekana, na yeye mwenyewe hakuonekana. Wajawazito walipelekwa mjini kwa baiskeli. Dada yake Nyamizi alifia juu ya baiskeli, mtoto akiwa bado tumboni. Siku ya mazishi watu wakasema basi, tunataka jimbo letu.

Wakaomba, wasijibiwe. Wakaomba tena, wakaambiwa wasubiri. Wasubiri nini, wafe wangapi?

Ndipo Nyamizi akafanya lake. Waziri alipopita na msafara wake, yeye na wanawake wenzake waliketi katikati ya barabara, majembe mapajani. Polisi wakashuka. Waziri naye akashuka.

"Mama, tupisheni, tunachelewa."

"Dada yangu naye alichelewa, mheshimiwa," Nyamizi akasema. "Alichelewa hospitali, tukamzika. Muulize mbunge wako huyo aliyejificha garini alikuwa wapi."

Waziri akaagiza mbele ya watu wote kwamba ombi la jimbo lipelekwe kwenye baraza la madiwani. Lakini msafara ulipoondoka, Nyamizi alitiwa mahabusu, akakaa humo mpaka msimu wa kupanda ukapita. Mwaka ule hakuvuna hata debe. Wanawe walikula kwa majirani.

Barazani ikawa zamu ya Kapela. Mbunge hakutaka jimbo lake ligawanywe, na karibu nusu ya madiwani walikuwa mfukoni mwake. Kura ya Kapela ndiyo ingeamua. Mbunge akamwita pembeni.

"Ndugu diwani, tuunge mkono, na uenyekiti wa halmashauri ni wako. Ukitupinga, chama hiki usahau."

"Nimekusikia," Kapela akajibu. "Nawe nisikie. Hapana."

Ombi likapita kwa kura moja. Chama kikamfukuza, udiwani ukaenda, na marafiki aliokula nao miaka yote wakawa wakimwona wanavuka barabara.

Bado haijaisha. Maofisa wa mipaka ya majimbo walikuja kuwasikiliza wananchi, wakakuta ugomvi. Wakulima walisema hawataki jimbo moja na wafugaji, na wafugaji vivyo hivyo. Mwaka uliopita walikuwa wamepigana kwa ajili ya malisho, na mwana wa Shigela akakatwa mkono kwa panga. Maofisa wakafunga mikoba yao. "Mkipatana, mtuite. Msipopatana, hakuna jimbo."

Shigela akatoka bomani kwake peke yake, bila hata fimbo, akaenda kwa Ndaki, mkulima yule yule aliyemkata mwanawe. Ndaki alikuwa akipukuchua mahindi. Alipomwona, akarukia panga.

"Liweke chini," Shigela akamwambia. "Mkono wa mwanangu haurudi hata nikikuua. Lakini mkeo ana mimba, nimemwona. Utampitisha barabara ile ile?"

Ndaki akaketi chini, akalia. Kesho yake waliingia pamoja kwenye mkutano wa kijiji, wakakaa benchi moja. Wakulima na wafugaji wakakubaliana, maofisa wakaitwa. Shigela aliporudi nyumbani, mkewe alikuwa amekwenda kwao. Mwanawe hamsemeshi mpaka leo.

Jimbo la Lwambi likatangazwa, na uchaguzi ukaitishwa. Watu wakacheza ngoma, wakalia kwa furaha. Wiki haijaisha, yakaingia magari yenye spika kubwa, na juu ya moja amesimama Bwana Feruzi, mkazi wa jiji, ambaye chama kikubwa kilikuwa kimempitisha kuwa mgombea. Alidai babu yake amezikwa hapo, ila hakujua kaburi liko wapi.

"Ndugu zangu! Jimbo hili nimewaletea mimi!"

"Umelileta kutoka wapi?" bibi mmoja akamkatiza. "Kwenye buti la gari?"

Watu wakazomea. Lakini fulana na khanga zilipogawiwa, wapo waliopanga foleni! Nawasema, na wajisikie.

Chama kimoja kidogo kikawaambia wananchi: leteni mtu wenu mmoja, tutamsimamisha. Wakakutana uwanja wa shule.

"Kama nisingekaa barabarani," Nyamizi akasema, "nani angetusikia? Dada aliyekufa ni wangu."

"Mngesikiwa, kisha ombi lingefia barazani," Kapela akasema. "Mimi nimetupwa kwa ajili yenu, na halmashauri naijua ndani nje."

Shigela alichelewa kusimama. "Nyumbani kwangu hakuna anayeniamkia. Angalau nyinyi msinigeuzie kisogo."

Uwanja ukagawanyika mafungu matatu, kila fungu likipiga kelele zake. Hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, na wakisimama wote kupitia vyama mbalimbali, kura zitatawanyika na Feruzi atakuwa mbunge. Jina linatakiwa kabla jua halijazama, na mpaka sasa hawajaafikiana.

Msiniambie wapewe wote, kiti ni kimoja. Msiniambie ni shauri lao, maana siku ya kura nanyi mtakuwa kwenye mstari. Mmoja alifungua mlango, mmoja akauzuia usifungwe, mmoja akawapatanisha watu wakaingia pamoja. Je, wewe kura yako ungempa nani?