Jinsi Pembe za Kondoo Dume Zilivyopindwa

Mmetoka kanisani na njaa zenu, na badala ya kuniuliza kama maharage yameiva mnaniuliza habari za pembe. Mzee wa kanisa yupo, ana miwani na ana kitabu. Ni yeye aliyewasomea kwamba mfalme alimiminiwa mafuta kutoka kwenye pembe, na kwamba mtu mmoja aliyeogopa kuuawa alikimbilia madhabahuni akashika pembe, akang'ang'ania. Mngemuuliza yeye. Lakini wapi, mnamngojea bibi aliyeacha shule darasa la pili, tena mwiko uko mkononi, ndiye mumsumbue. Haya. Namsifu, acha kumsukuma Mbazi, keti. Nasema mara moja tu, na atakayesinzia simrudii.

Zamani sana, kabla binadamu hajajua kupanga mawe ya madhabahu, pembe za kondoo dume hazikuwa hivi mnavyoziona. Zilisimama wima kichwani mwake, zimenyooka kama michi miwili, na ndani zilikuwa zimejaa, nzito, hata mdudu asingepata tundu la kupita. Wanyama wote walikuwa chini ya Bi Kifaru, na kesi zote alikuwa akiziamua yeye. Bi Kifaru haoni mbali, mnamjua, lakini aliona jambo moja: kwamba watu wake wanauana kwa hasira kabla kesi haijamfikia. Kwa hiyo akaweka kanuni. Kilimani palikuwa na jiwe pana, na juu ya jiwe hilo akamweka Kondoo Dume, kwa kuwa alikuwa mpole na hakuwa na ugomvi na mtu. Yeyote anayekimbizwa, akifika pale akagusa pembe ya Kondoo, haguswi tena mpaka asikilizwe. Hata kama ana kosa, asikilizwe kwanza.

Mwanzoni Kondoo aliifanya kazi hiyo vizuri. Akisikia tu kishindo cha miguu anainamisha kichwa, anangoja. Ngiri aligusa akapona. Kanga aligusa kwa mdomo akapona. Hata Fisi, ambaye hakuna aliyemtaka pale, aligusa, na siku hiyo ikaonekana kweli si yeye aliyeiba. Wote walishuka kilimani wakishukuru, na hapo ndipo palipoharibika, maana zile shukrani zilimpanda Kondoo kichwani kama pombe ya miwa. Kila asubuhi alikwenda kisimani kunywa maji, akawa hanywi. Anajitazama. Anaona pembe mbili zimeelekea mawinguni, na anajiambia kwamba si kanuni ya Bi Kifaru inayowaponya watu. Ni hizi.

Mbuzi na Ng'ombe, ambao hawakuwa na kazi, wakagundua kwamba anayezisifu pembe anaruhusiwa kula majani mazuri yaliyolizunguka jiwe. Basi wakakaa hapo wakatunga. Wakasema ni pembe isiyopinda. Wakasema ni pembe iliyojaa. Wakaongeza kwamba haimwinamii mtu, na mwisho kwamba haina ya kufanana nayo. Kondoo alizisikia sifa hizo nne mpaka akaona ni haki yake, kama vile nyasi ni haki ya aliyezaliwa na meno. Akatoa amri kwamba kuanzia sasa anayetaka kugusa ataje kwanza sifa zote nne, kwa mpangilio, ndipo yeye atainama. Wanyama wakanung'unika lakini wakajifunza. Mbuzi ndiye aliyekuwa mwalimu, na kama walimu wengine ninaowajua, alipiga kelele kuliko alivyofundisha.

Bi Kifaru hakuambiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Ikaja kiangazi, na moto ukawaka nyikani. Paa, mama wa mtoto mmoja aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa akipanda mteremko kuukimbia ule moto wakati kwato zake zilipokanyaga jiwe legevu. Jiwe likaporomoka. Huko chini palikuwa na mtoto wa Chui amelala, na jiwe halikuuliza ni mtoto wa nani. Chui aliporudi alimkuta mwanawe amekufa, akainua macho, akamwona Paa amesimama juu. Hakuona moto, hakuona jiwe lilivyoteleza. Aliyeona yote ni Pimbi, aliyekuwa amejibana kwenye ufa wa mwamba, lakini Pimbi ni Pimbi, hakutoa hata pua.

Paa akakimbia. Hakuwa na pengine pa kwenda ila kilimani.

Kondoo alimwona akija tangu bondeni. Nataka mlijue hilo, maana baadaye wako waliosema pengine hakumwona. Alimwona vizuri, na nyuma yake akamwona Chui, na shingo yake, kwa mazoea ya zamani, ikaanza kushuka yenyewe. Lakini akawaza kwamba akimwinamia huyu bila sifa, kesho kila kijimnyama kitakuja kugusa tu kama mti wa njiani. Na chini ya jiwe Mbuzi na Ng'ombe walikuwa wanatazama. Akairudisha shingo juu. Paa mnamjua urefu wake. Kondoo akiinua kichwa, hata arukeje, zile pembe hazifikii.

Paa akasema, "Baba, inama."

Kondoo akamwambia aanze na ya kwanza. Paa akataja pembe isiyopinda. Akavuta pumzi, akataja iliyojaa. Ya tatu ilikuwa ulimini, lakini mtu aliyepanda kilima kizima mbio hana pumzi ya mashairi. Akaanza tena ya kwanza. Kondoo akangoja, na moyoni alikuwa akimsaidia, jamani, ulimi wake mwenyewe ulikuwa unaitaja ile ya tatu kimyakimya ndani ya mdomo uliofungwa. Angeweza kuitamka. Angeweza kuinama. Ni shingo tu.

Chui akafika, akasimama. Naye pamoja na uchungu wake wote alikuwa anaiheshimu kanuni.

"Amegusa?" akauliza.

Kondoo akamtazama Paa, akawatazama wale wawili chini ya jiwe.

"Bado," akasema. "Hajamaliza."

Basi Chui akafanya alichokuja kukifanya, pale pale penye jiwe.

Kesi ikasikilizwa kesho yake, mhusika hayupo. Pimbi alitoka ufani akaeleza habari za moto na za jiwe lililoteleza, na kila aliyesikia alijua Paa angeachiliwa kabla jua halijafika utosini. Chui alimngoja Pimbi amalize. Kisha akasema yeye alisimama, aliuliza, akajibiwa, na kama angeambiwa amegusa angekwenda nyumbani kumlilia mwanawe. Sasa wamemfanya muuaji juu ya msiba.

Bi Kifaru akamgeukia Kondoo.

"Alifika?"

"Alifika, Bibi."

"Kilichomzuia kugusa ni nini?"

Kondoo alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Alikuwa na habari za utaratibu, na za heshima ya kazi. Akayaacha yote.

"Nilikuwa nimeinua kichwa," akasema.

Kwa amri ya Bi Kifaru wakamteremsha mpaka penye majivu ya ule moto wa nyika, ambayo chini yalikuwa bado mekundu, wakamlaza wakafukia pembe zake humo mpaka zikalainika. Tembo akazishika moja moja kwa mkonga akazipinda nyuma, akazishusha kando ya mashavu, akazizungusha mpaka ncha zikarudi kumtazama yeye mwenyewe machoni. Sasa hata panya angezifikia. Kisha wakaleta siafu, wakaingia kwa chini wakakomba yote yaliyomo, siku mbili. Kwa kuwa alizijaza jina lake, Bi Kifaru alisema, zitabaki wazi zijazwe vya wengine. Mbuzi na Ng'ombe nao walipata mgawo wao, pembe zao zikakombwa vilevile. Ya Bi Kifaru imejaa mpaka leo, nendeni mkaitazame kama mna miguu ya kumkimbia.

Na tangu siku hiyo pembe za kondoo dume zimejikunja na ndani hamna kitu. Watu walipokuja kuwa na wafalme walitia humo mafuta, wakamimina kichwani kwa mtu mwingine, si kwa kondoo. Walipotaka kuitana vitani au kwenye sikukuu walipuliza humo pumzi zao, ikatoka sauti, na ukiisikia utajua si sauti ya mwenye raha. Walipojenga madhabahu waliweka pembe kwenye kila kona, fupi, chini, mahali mkono wa mtu anayehema unafika bila kutakiwa aseme chochote.

Lakini hayo yote hayakumlipia Paa. Damu yake ilimwagika penye jiwe lililowekwa ili isimwagike, na Bi Kifaru alisema hilo ni deni la peke yake: siku atakapoletwa mtu penye jiwe hilo kufa, na ikaamuliwa asife, atakwenda Kondoo badala yake.

Siku hiyo ilipofika, Kondoo alisikia anatafutwa, akakimbilia kichakani. Kwa zile pembe za zamani angepenya kama mshale. Hizi zilizopindwa zikanasa kwenye matawi, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto, na kadiri alivyovuta ndivyo zilivyokaza. Akasikia miguu inakuja. Akatafuta pembe ya kugusa. Zilikuwa mbili tu pale, zote kichwani mwake, na waliokuwa wakimtafuta wakazishika wakamwongoza nazo mpaka penye jiwe.