Pikapu Iliyosaga Kwenye Kona

"Kona ya kushoto humlemea wa kulia." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo baba yenu mdogo, mkaanza kuguna mkidhani ni mambo ya udereva. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanzia mbali. Ilianzia hapa hapa Kwembago, kwenye kona hizi mnazozilaani kila mkisafiri.

Kijiji kilikuwa na pikapu moja, mali ya wote. Ilishusha kabichi sokoni Mombo, kule bondeni, na mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ilimshusha hospitali. Ndiyo maana wazee waliweka desturi: nyuma ya gari, upande wa kushoto ubaki wazi siku zote, utandikwe godoro, na magunia yote yapangwe kulia. Hata kama hakuna mgonjwa, upande ule hauguswi. Ukiweka hata kikapu cha vitunguu pale, watu watakutazama mpaka ukitoe mwenyewe.

Dereva alikuwa Hemedi Shemboza, mtu mzima, mpole, aliyeendesha kana kwamba kila siku kabeba mayai. Hakuwa na shamba kubwa wala maneno mengi. Heshima yake yote ilikuwa ule ufunguo wa pikapu, na kila mama wa Kwembago alijua kwamba akiwa na Shemboza atafika salama.

Basi, pikapu ikaanza kulia. Njia nyoofu, kimya. Kona ya kulia, kimya. Ikikata kushoto tu, chini panasaga, grrr, kama jiwe la kusagia lililokosa mahindi. Shemboza akaiteremsha Mombo kwa fundi Mwanamvua. Yule mama, jamani, alikuwa fundi kwelikweli. Alivaa suruali na kitenge juu yake, na madereva wa mabasi walikuwa tayari kumngoja kutwa nzima kuliko kwenda kwa mwingine.

"Linalia ukikata wapi, kaka?" akauliza.

"Kushoto."

Akafungua gurudumu la mbele la kushoto, akabadilisha beringi, akaizungusha pikapu uwanjani ikiwa tupu. Kimya. Shemboza akashukuru, akapanda mlima na moyo mweupe.

Alipopakia kabichi tena, kona ya kwanza ya kushoto, grrr ile ile. Akasema kijijini kwamba gari bado bovu, na hapo ndipo alipojiponza. Fundi Mwanamvua hakosei, watu walisema, kwa hiyo mbovu ni dereva. Wengine wakasema hajui kukata kona siku hizi, wengine wakasema ni uzee. Mama mmoja mjamzito alipousikia ule mlio akakataa kabisa kupanda, na jambo likafika kwa mwenyekiti. Akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya swala, watu wakutane, ufunguo apewe mwingine.

Shemboza aliumia. Hakugombana na mtu, ila alishinda akiifuta pikapu iliyokwisha kutakata. Mkewe alipochoka kumtazama akamwambia, "Baba Saumu, nenda ukamwambie fundi mwenyewe. Atakufanya nini, atakumeza?"

Akaenda kwa shingo upande, maana kumwambia fundi mwenye jina kwamba kazi yake haikufaulu si jambo dogo. Mwanamvua hakununa. Aliizungusha pikapu uwanjani, ikawa kimya. Mwingine hapo angemwambia akapime masikio. Yeye alifuta mikono, akatia jeki na beringi za akiba kwenye mfuko.

"Gari tupu halisemi kitu, kaka. Twende kwako ukapakie kama unavyopakia siku zote."

Wakapanda. Magunia yakapangwa kulia, godoro kushoto, na Mwanamvua akakataa kukaa mbele. Alilala kwenye lile godoro, sikio sakafuni, akasema waondoke. Kona ya kwanza ya kushoto, grrr, na fundi akateleza kutoka kwenye godoro mpaka akagonga kabichi. Kona ya pili, vivyo hivyo. Akagonga bati, gari likasimama.

"Kaka Hemedi, ukikata kushoto, mimi naenda wapi?"

"Unaenda kulia. Kwenye magunia."

"Na gari zima linaegemea wapi?"

Shemboza akafikiri. "Kulia."

"Na magunia nayo yako kulia."

"Ndiyo desturi yetu."

"Desturi njema, msiiache. Lakini mnyonge wetu ni gurudumu la kulia. Nilisikia kushoto, nikafungua kushoto, sikujiuliza nani amebeba."

Akapiga jeki pale pale kando ya njia, akamwambia Shemboza ashike springi ya kulia huku yeye akizungusha gurudumu. Springi ilitetemeka mkononi mwake, dalili kwamba beringi ya upande ule imekwisha, na Shemboza nusura alie. Beringi ikabadilishwa, pikapu ikapita kona zote na mzigo wake, kimya.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mwanamvua angeweza kurudi zake Mombo na jina lake zuri, wala hakuna ambaye angejua. Hakurudi. Ijumaa alikuja mkutanoni, akasimama mbele ya wanaume na wanawake wa Kwembago.

"Aliyekosea ni mimi," alisema. "Nilifungua gurudumu lisilo na ugonjwa. Mkaona jina langu ni kubwa, mkanisamehe bila kuniuliza, na uzito wote ukamwangukia huyu aliyesema kweli. Kona ya kushoto humlemea wa kulia."

Mwenyekiti akauchukua ufunguo uliokuwa umekabidhiwa mezani, akamrudishia Shemboza kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, baba yenu mdogo anapokata kona zake na kutembea kifua mbele, shangazi yenu hamtazami yeye. Anamtazama mkewe, ambaye uzito wote unamwangukia. Kona ya kushoto humlemea wa kulia.