Maneno Aliyoyabeba Mize

Mwana hutazama kisogo cha nina. Mmeyasikia maneno haya leo kwa jirani, mkaja mbio kuniuliza nina ni nani, na kisogo kinatazamwa cha nini. Nina ni mama, ndivyo walivyomwita watu wa kale. Kisogo ni hapa nyuma ya kichwa. Haya kaeni, msisukumane, nikwambieni yalianzia wapi.

Huko Pemba, katika kijiji cha wachuma karafuu, alikuwako mwanamke akiitwa Mboni. Mumewe alishinda juu ya mikarafuu tangu alfajiri. Walikuwa na binti mmoja, Mize, wa miaka minane hivi. Kazi ya wanawake na watoto ilikuwa kuchambua: unakaa jamvini, unakamata kishada, unaitoa karafuu kwenye kikonyo chake. Mikono inafanya kazi, midomo inazungumza.

Sasa Mize mdomo wake ulikuwa mchungu. Watoto walikuwa wengi pale, lakini aliyemchagua kumchokoza ni Riziki, mjukuu wa Bi Kijakazi, mtoto wa kigugumizi. Riziki akianza, "Ni-ni-nipe," Mize anamalizia, "Ni-ni-nini, kichwa kifuu?" Wenziwe wanacheka. Mara nyingine alilipiga teke fungu la Riziki ambalo limekwisha kuchambuliwa, karafuu zikatawanyika mchangani, kisha akamwambia, "Okota. Na usilie, unalia kwa lipi?"

Riziki akaacha kusema. Si jamvini tu, hata nyumbani. Akitaka maji anaonyesha kata kwa kidole.

Wanawake wakamwendea Mboni, wakamwambia mwanawe atolewe jamvini. Mboni akaona haya, na haya zikageuka hasira. Akampiga Mize. Siku ya pili akampiga tena. Siku ya tatu Mize akamsukuma Riziki kwenye lundo la makonyo. Ndipo Mboni akakata shauri ampeleke Mize kwa mjomba wake, upande wa pili wa kisiwa, mtu aliyesifika kwa fimbo, akae huko mpaka adabu imwingie, hata ikiwa ni miaka. Nguo za mtoto akazifunga furushi. Safari ikawa ni kesho yake.

Bi Kijakazi akasikia. Yeye ndiye ambaye mjukuu wake ameumizwa, mngedhani atafurahi. Lakini alikuja kwa Mboni asubuhi ile ya safari, akakaa kizingitini.

"Mboni, huyu mtoto wako ushamsikia akicheza?"

"Nimsikie wa nini, Bi? Yule hachezi, anatesa watu."

"Yuko nyuma ya jiko lako sasa hivi, anapikapika peke yake, maana hakuna anayetaka kucheza naye. Nenda kamsikilize. Wala usikohoe."

Mboni akaenda taratibu, akasimama pembeni mwa ukuta. Mize amepanga mafiga ya vijiwe, juu yake kijungu kidogo cha udongo. Amejifunga kanga kiunoni kama mtu mzima. Mbele yake yupo mwanasesere aliyemtengeneza kwa magomba ya mgomba.

"Nakuita huitiki, kichwa kifuu?" Mize anamwambia mwanasesere. "Wenzangu wamezaa watoto, mie nimezaa gogo. Umeumwaga mchele wote. Okota. Okota, nasema. Na usilie, unalia kwa lipi?"

Maneno yale yalikuwa ya Mboni mwenyewe, moja baada ya jingine. Mengine ya asubuhi, akiwa na haraka. Mengine ya jioni, akiwa amechoka. Hata ile kuvuta pumzi kabla ya kusema "nasema" ilikuwa yake.

Akakanyaga jani kavu. Mize akageuka, akamwona mama yake kasimama. Na jambo alilolifanya mtoto yule, Mboni hakulisahau mpaka anakufa. Hakukinga kichwa chake. Alimnyakua mwanasesere, akamkumbatia, akamfunika kwa mikono yake yote miwili ili asipigwe.

Mboni akakaa mchangani.

"Hebu nipe huyo mtoto."

Mize akasita, akampa. Mboni akampakata yule mwanasesere. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Mchele ukimwagika tutauokota sote. Mama yako alichoka, uchovu wake akakutupia wewe. Hukukosa kitu."

Mize akamtazama. "Mama hasemi hivyo."

"Mama yupi?"

"Mama wa kweli."

Mboni akamrudishia mwanasesere wake. Kisha akasema, "Mama wa kweli hajui bado. Atajifunza. Utamvumilia?"

Mize akasogea, mpaka goti lake likagusa goti la mama yake.

Mboni akaenda ndani akalifungua furushi. Halafu akashika njia ya kwenda kwa Bi Kijakazi. Njia yenyewe nyembamba, inapita mtu mmoja mmoja, na Mize akamfuata nyuma. Hakuambiwa "nenda kaombe radhi." Njia nzima mbele yake aliona shingo ya mama yake na nywele zilizosukwa.

Walipofika, Mboni akapiga magoti mbele ya Riziki. "Mwanangu," akasema, "yale maneno mabaya yalitoka kinywani mwangu kabla ya kufika kwake. Nisamehe."

Riziki akachungulia nyuma ya Mboni. Mize naye alikuwa ameshapiga magoti, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande, vilevile kama mama yake. "Na mie," akasema kwa sauti ndogo.

Riziki akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ka-ka-ka…"

Mize akangoja. Hakumalizia. Akangoja neno la mwenziwe mpaka likafika lenyewe.

"…karibuni."

Bi Kijakazi alikuwa mlangoni akiwatazama wote watatu, mama kapiga magoti na mtoto nyuma yake kapiga magoti. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Mwana hutazama kisogo cha nina."