Sinia la Unga la Mama Nyangeta

Msifu mshono ni mvua. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule kijana aliyekuja kuposa, mkacheka, na leo mnaniuliza maneno haya yalitoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Pale Musoma, karibu na mwalo, pale boti zinapofunga, alikuwepo mama mmoja aitwaye Nyangeta. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mpishi wa shule ya bweni, kwenye yale masufuria ambayo mwiko wake ni kama kasia. Alipostaafu, watu walidhani atafuga kuku kama wastaafu wengine. Yeye akaenda kwa fundi Mafuru, mtengeneza makochi, akamwambia amfundishe kazi.

Mafuru alicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni. "Mama, huku hatukorogi. Tunashona."

"Na mimi mwiko nimeuacha nyumbani," Nyangeta akajibu.

Akajifunza. Akajua kukata sponji, akajua kuvuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Alipoiva akafungua kibanda chake, lakini makochi peke yake hakuyataka. Alikuwa anaziona boti za abiria zikirudi kutoka visiwani, watu wamelowa chapachapa, viti vimevimba kama andazi lililodondokea kwenye chai. Akatangaza kwamba atashona viti vya boti na maturubai yake. Wenye boti wakampita tu. Mpishi na boti, wapi na wapi?

Aliyekubali mwisho wa yote ni Mzee Majura. "Nakujaribu, Mama," alisema. "Ukiniharibia, mwalo mzima utajua." Nyangeta akaelewa. Turubai hilo likivuja, hakuna mwingine atakayempa kazi.

Siku ya kukabidhi, turubai lilifungwa kwenye boti watu wakaja kutazama. La bluu, ukingo mweupe, mshono umesimama juu kwa juu, umenyooka kama uzi wa buibui. Mafuru mwenyewe akapitisha kidole. "Huyu nimemfundisha mimi," akawaambia watu. Abiria wakaanza kupakia mizigo yao.

"Bado," Nyangeta akasema.

Akaenda kibandani, akarudi na sinia lenye unga wa muhogo. Akausawazisha kwa kiganja, akaliweka sinia ndani ya boti, chini ya mshono. Halafu akachota maji ziwani, akawa anayamwaga juu ya turubai polepole, ndoo kwa ndoo.

"Haya, jikoni kumewaka," mmoja akasema, wakacheka.

Alipolitoa sinia, unga ulikuwa na vitobo, vidogo kama macho ya panzi.

Mafuru akamvuta pembeni. "Vitone hivyo nani ataviona? Na mbingu nyeupe hivi. Mkabidhi mzee wa watu."

"Nimelishona kama kochi," Nyangeta akasema. "Mshono nimeuweka juu upendeze. Kochi nani analimwagia maji?"

Majura alikuwa amesikia. "Mama, abiria wangu wamekaa. Nikiondoka leo bila turubai, nikirudi silitaki tena."

Nyangeta angenyamaza tu, kazi ilikuwa yake. Lakini alisema, "Sawa, mzee. Nilipokuwa jikoni, wote walisifu harufu. Mimi nilikuwa nangoja sahani zirudi. Hapa macho yamesifu, lakini msifu mshono ni mvua."

Akachukua wembe, akaanza kufumua mbele yao wote.

Boti ikaondoka. Nyangeta akashona upya, safari hii akilaza kitambaa cha juu juu ya cha chini kama mabati ya paa, kisha akapaka nta ya nyuki kila palipopita sindano. Akamwaga maji, akatazama unga. Akafumua tena kipande, akarudia, mpaka unga ukatoka ulivyoingia.

Majura aliporudi alimkuta amekaa mwaloni, turubai mapajani.

"Nilisema silitaki."

"Nilisikia. Lifunge safari moja tu. Likivuja, litupe ziwani, na kibanda changu nitafunga."

Mzee akalitazama turubai, akamtazama na mwenye turubai. "Haya, funga."

Safari hiyo mvua iliwakuta katikati ya ziwa wakiwa wanarudi, mvua ya kupiga kama kokoto. Mwaloni watu walijibana chini ya vibaraza. Nyangeta alisimama akitazama ziwani, Mafuru ubavuni mwake, naye hana utani. Mvua ikakatika, boti ikafunga. Abiria wakashuka mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nyangeta akasogea, akamtazama mtoto shingoni.

Poda aliyopakwa mtoto ilikuwa bado ipo, nyeupe vilevile.

Majura akaja nyuma, akikamua kofia. "Mama Nyangeta, nina boti nyingine pale. Nenda kaipime."

Mafuru akakohoa, akawageukia wale waliocheka siku ile. "Alituambia," akasema. "Msifu mshono ni mvua."

Basi ndiyo hivyo. Yule kijana shati lake lilinyooka kweli, na maneno yake matamu. Shangazi yenu hajamkataa. Amemwambia tu, msifu mshono ni mvua.