Pointi za Marehemu Mwakio

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu walikwisha kuanza kulipia hata unga kwa kadi, palikuwa na mtu wa Voi aliyeitwa Mwakio. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na mshahara wake ulikuwa wa karani. Lakini akisafiri kwa ndege alikaa mbele pamoja na mabwana wakubwa, kwenye kiti kinachokunjuliwa kikawa kitanda. Alilipa kodi za uwanja wa ndege tu. Kilichobaki alikilipa kwa pointi, zile ambazo shirika la ndege humwandikia mtu kila anapolipia kitu kwa kadi ya benki.

Pointi hizo alizitoa wapi? Kwa ndugu zake. Ukinunua mabati, Mwakio anakuja na kadi yake ya benki. Yeye anapitisha kadi, wewe unampa taslimu yako. Ukilipa karo, Mwakio yupo. Siku ya kupeleka mahari aliuliza kama mbuzi wanalipiwa kwa kadi. Siku ya kununua jeneza la baba yao alipitisha kadi, akangoja risiti, akasema, "Mzee ametuachia pointi elfu mbili." Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Aliyempa nyingi kuliko wote ni dada yake mkubwa, Saru. Saru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka tisa kila mfuko wa saruji aliouagiza ulilipiwa kwa kadi ya Mwakio.

Mwaka ule moyo wa Mwakio uliharibika. Akaenda kutibiwa Chennai, India. Alikwenda amelala, akatuma picha ya kitambaa cha moto alichopewa apanguse uso. Siku ya nne akafa. Fedha za kurudisha mwili hazikupatikana. Mkewe, Mkamburi, akatia sahihi karatasi, na Mwakio akachomwa huko huko, mbali na makaburi ya kwao. Majivu yakawekwa stoo ya hospitali. Barua ikaja: hayatakabidhiwa mtu ila aliyetia sahihi, na yasipochukuliwa kufikia mwisho wa mwezi, yatamwagwa.

Baada ya siku tatu, simu ambayo marehemu aliiacha nyumbani ikalia ndani ya kabati. Mkamburi akaifungua, akasoma: "Hongera, Mwakio! Umepata pointi mpya."

Hospitali ilikuwa imetoza gharama za kumchoma kwenye kadi yake. Na kwa pointi hizo za moto, hesabu ikatimia.

Ikatimia tiketi moja ya India. Ama kitanda cha mbele, cha kwenda tu, ama kiti cha nyuma, cha kwenda na kurudi. Si vyote viwili.

Sasa, Saru alikuwa amelala chali miezi miwili. Rundo la saruji lilimwangukia dukani likamvunja mgongo. Alikuwa ameuza duka akalipia upasuaji, huko huko Chennai, tarehe ishirini. Daktari aliandika: asafiri amelala; akikaa kitini saa zote hizo, hatatembea tena. Mguu wa kushoto ulikwisha kuacha kusikia sindano.

Kulikuwa na kikwazo. Shirika la ndege lilikuwa na sheria kwamba mwenye pointi akifa, pointi zinakufa naye. Kwa hiyo hawakuliambia. Walimwita kitindamimba wao, Mwadime, ambaye tangu abaleghe watu walikuwa wakimchanganya na Mwakio kwenye simu.

Walikutana Jumamosi saa tano asubuhi, sebuleni kwa Saru, yeye akiwa kwenye godoro sakafuni.

"Wifi, usinichukie," Mkamburi alianza. "Nataka kiti cha nyuma. Niende nikamlete."

"Nikikuchukia nitakufukuza kwa miguu ipi?" Saru alijibu. "Lakini pointi zile ni saruji yangu. Miaka tisa, wifi. Mwakio hakuwahi kujenga hata choo."

"Saruji ilikuwa yako, na taslimu ulimpa. Deni la kumchoma, analilipa nani? Benki inanipigia mimi. Bila moto ule, hesabu isingetimia."

"Yaletwe kwa posta."

"Mume wangu si kifurushi."

Saru alimkumbuka ndugu yake kwenye rafu, kati ya makopo ya watu asiowajua, akaona aibu. Kisha akautazama mguu wake wa kushoto, na aibu ikaondoka.

"Na mimi je?" Mwadime aliuliza. "Wewe una saruji, shemeji ana deni, mimi nina koo. Wakinigundua, nani ataingia ndani?"

"Kwani unataka kusafiri?" Saru aliuliza.

"Sitaki. Nataka kauli ya mwisho iwe yangu."

"Tangu lini kitindamimba akawa na kauli ya mwisho?"

"Tangu nyinyi wawili mshindwe kuzungumza kama mwanamume."

Wakalipigia shirika la ndege kwa simu ya marehemu, spika ikiwa wazi. Binti mmoja akapokea. Akauliza jina, Mwadime akajibu. Akauliza tarehe ya kuzaliwa; Mwadime akaisoma kwenye karatasi.

"Asante. Na neno lako la siri?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Mkamburi akatikisa kichwa, hakulijua. Mwadime akafungua mdomo aombe muda.

"Mghoi," akasema.

"Asante, Bwana Mwakio."

Mkamburi akanong'ona, "Mghoi ni nani?"

"Sijui," Mwadime akasema. "Limenitoka tu."

Saru alijua. Mghoi alikuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya Mwadime, akaishi siku moja, akazikwa nyuma ya jiko. Mama yao aliwakataza Saru na Mwakio kumtaja, na hawakumtaja. Mwadime hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwapo. Saru akahisi baridi mgongoni, mahali ambapo kwa miezi miwili hakuwa amehisi kitu.

"Bwana Mwakio," binti akaendelea, "ungependa kitanda cha kwenda, au kiti cha kwenda na kurudi?"

Mwadime akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Akafunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyetamka neno. Nje, jirani alikuwa akipiga deki baraza.

"Samahani," binti akasema. "Mnazungumza kwa pamoja."

"Hatujasema kitu," Mkamburi akasema.

"Nawasikia wawili. Sauti ni ile ile moja, lakini ni wawili. Mmoja anasema, mpeni dada alale. Mwingine anasema, nirudisheni nyumbani. Nimfuate yupi?"

Kiganja cha Mwadime kilikuwa bado mdomoni.

"Nina dakika moja, bwana. Baada ya hapo ombi linafutika na akaunti inakwenda kukaguliwa."

Mkamburi akapiga magoti karibu na simu. Saru akajaribu kusogeza kidole cha mguu, hakikusogea. Mwadime akashusha mkono, akavuta pumzi.

Dakika hiyo nawapa nyinyi mnaonisikiliza. Msiniambie mwenye kadi aamue, maana amekwisha kuamua, tena mara mbili. Saru alizikusanya kwa saruji. Mkamburi alizitimiza kwa moto. Mwadime ndiye mwenye koo, na binti bado yuko kwenye laini.

Je, nani alistahili tiketi ile?