Bunduki Isiyoazimika

Katika zama ambazo milango kati ya watu na majini ilikuwa bado haijafungwa sawasawa, alitawala katika mji wa Nahrabani Sultani Mudhaffar bin Qaisi, mwenye hazina isiyohesabika na majeshi yasiyopungua, na juu ya neema zote hizo mwenye hofu, kwa sababu mji wake ulikuwa umeingiwa na balaa isiyo na mwili. Balaa hiyo ilikuwa kivuli cha ndege. Angani hapakuonekana bawa wala unyoya, lakini jua likisha kupanda kivuli kilipita ardhini, kikubwa kuliko paa la msikiti, kikateleza kutani na kuvuka viwanja bila sauti, na kila aliyefunikwa nacho alianguka papo hapo, macho wazi na mwili baridi, asife wala asiamke. Basi watu wa Nahrabani wakawa wakifunga milango jua likiwaka na kufungua maduka siku za mawingu tu, na siku iliyokuwa angavu, mji ulinyamaza hata mtu akasikia kuku wa jirani akitembea.

Askari walikipiga kivuli kile risasi hadi kuta zikajaa matundu, nacho kikapita juu ya matundu yale kana kwamba hakikutukanwa. Ndipo Sultani akatangaza kwamba kila tajiri anunue bunduki na kulinda mtaa wake, na atakayeiondoa balaa atapewa robo ya hazina.

Miongoni mwa matajiri hao alikuwako Ghalibu bin Sarhani, mfanyabiashara wa miski na ngozi, ambaye hakuwa mwizi wala mzinifu, na zaka alitoa, lakini kuazima kitu chake ilikuwa kama kung'olewa jino. Ukimwomba ngazi, ilikuwa imevunjika. Ukimwomba kinu, kilikuwa na mchele ndani. Jirani yake Salihina, mjane aliyeoka mikate, alikwenda siku moja kumwomba chekeche la unga, naye akamjibu akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe hata ndani, "Bibi Salihina, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nunua lako."

"Haya, Bwana Ghalibu," akasema Salihina kwa kicheko, "kaa na chekeche lako, uchekeche upepo."

Basi amri ya Sultani ilipomfikia, Ghalibu hakuogopa ndege, aliogopa majirani. Akasema moyoni, "Nikinunua bunduki ya kawaida, kesho watakuja, fulani anataka kuazima bunduki, fulani anataka kuazima risasi mbili tatu, na mimi nimekwisha." Akatoka siku ya mawingu kwenda Soko la Silaha, akawasumbua wauzaji wote. Wakamweleza kwamba ukubwa wa tundu la mtutu hupimwa kwa ratli moja ya madini ya risasi, kwamba ratli ikigawanywa vipande kumi na viwili kila kipande huingia katika bunduki ya namna hii, na ikigawanywa ishirini huingia katika namna ile nyembamba, na kwamba hizo mbili ndizo watu wote wa Nahrabani wanazo. Ghalibu akazirudisha zote. Alitaka isiyo na ndugu.

Mwisho wa uchochoro akaona duka ambalo hakuwahi kuliona, na ndani yake mtu mrefu mwenye kilemba cha rangi ya majivu, na nyuma ya mtu huyo bunduki moja tu, ya mitutu miwili, yenye kitako cha mti mweusi uliong'arishwa hata ukaonesha uso.

"Hii," akasema muuzaji kabla hajaulizwa, "ratli hugawanywa kumi na nne. Katika mji huu hakuna risasi itakayoiingia, ila zangu. Hakuna atakayekuja kuiazima."

Ghalibu akahisi furaha ya mtu aliyeeleweka. "Bei?"

"Ndogo. Lakini bunduki ni kama kanzu, lazima ikuenee. Njoo uani, ufumbe macho, uinyanyue begani, kisha ufumbue."

Mawingu yalikuwa yamepasuka na jua limemwagika uani. Ghalibu akafumba macho, akainyanyua, akafumbua, akakuta mitutu yote miwili imeelekea chini, imekilenga kivuli chake mwenyewe kifuani. Akajaribu tena, ikaelekea pale pale.

"Imekuenea," akasema muuzaji, na akainama na mkasi, akakizunguka kivuli cha Ghalibu ardhini kama fundi anayekata nguo, kisha akaingia ndani na kurudi na mfuko wa risasi kumi na nne, nyeusi, nyepesi kama maganda ya vitunguu. Na lau Ghalibu angetazama vizuri angeona kwamba jua lilimwangukia muuzaji yule na nyuma yake ardhi ikabaki nyeupe tupu. Lakini alikuwa akitafakari kama bei itashuka zaidi, nayo ikashuka, na rahisi, wasemavyo, huvunja upishi.

Siku ya jua iliyofuata kivuli cha ndege kikaja mtaani, kikitambaa juu ya kuta, na Ghalibu akakifyatulia mitutu yote miwili. Hapakuwa na mlio, ila pumzi ndefu, kama ya mtu anayezima taa. Kivuli kikayumba, na upande mmoja wa bawa lake ukachanika ukutani, na watu waliokuwa wakichungulia madirishani wakapiga takbiri. Ghalibu akarudi kwake akitembea kama waziri, hata Salihina akamwita kutoka mlangoni pake, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Bwana Ghalibu, kivuli chako kina matundu."

Akageuka akatazama. Kivuli chake kilikuwa kimelala ardhini na jua limepenya katika bega lake mahali pawili, duara mbili safi, na begani kweli alikuwa akisikia baridi. Akakimbia mpaka kwenye uchochoro. Pale palipokuwa na duka palikuwa na ukuta wa mawe usio na mlango, na kutoka ndani ya mawe ikatoka sauti yenye adabu ikimwambia, "Kivuli hakiuliwi kwa madini, ewe Ghalibu, huuliwa kwa kivuli, na hizo kumi na nne nimezikata katika kivuli chako, ndicho ratli yako. Sisi majini hatuna vivuli. Ukimaliza chako utakuwa mmoja wetu, na utanibebea mizigo milele."

Alitaka kuitupa bunduki kisimani, lakini Sultani alikuwa amekwisha kusikia habari za bawa lililochanika, akamwita barazani na kumwambia, "Ewe Ghalibu, Mwenyezi Mungu ametia dawa ya mji huu mkononi mwako. Endelea, au kichwa chako kitaning'inia langoni." Akaendelea, kila siku ya jua, na kila alipofyatua ndege alipungua kidogo na Ghalibu alipungua kidogo, hata kivuli chake kikawa kama shuka lililoliwa na mende, naye akawa anatetemeka katikati ya joto, na watoto wakimkimbia, na mfukoni ikabaki risasi moja. Hiyo akaapa hataipiga. Akajilaza kizingitini, akilia waziwazi, kwa kuwa hakutaka kufa na pia hakutaka kutokufa namna ile.

Salihina alimwona. Akavuka njia na bakuli la uji wa moto, bila kutazama jua, na alipofika katikati ya njia, kivuli cha ndege kikashuka kutoka paani kikielekea miguuni pake.

Ghalibu hakufikiri, na hilo ndilo jambo jema la kwanza alilowahi kulifanya bila kupiga hesabu. Akatia ile risasi moja, akafyatua. Kivuli cha ndege kikapasuka kutoka kichwa hadi mkia, kikaviringika kama karatasi motoni, kikatoweka, na katika mji mzima waliolala macho wazi wakaanza kupepesa. Lakini nyuma ya Ghalibu ardhi ilikuwa nyeupe tupu, na mtu mwenye kilemba cha majivu alikuwa amekwisha kusimama pale, ameshika kamba.

"Bibi, sogea," akasema. "Huyu hana kivuli. Ni wangu."

Salihina hakusogea kumpisha. Alisogea upande wa pili, akasimama mahali ambapo kivuli chake kilimfunika Ghalibu mwili mzima. "Anacho," akasema. "Nimemwazima."

Jini akacheka taratibu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenyewe amelisema hilo maisha yake yote."

"Alisema yeye, mimi sikusema. Na sikumwekea siku ya kurudisha. Wewe tazama chini tu, unaona kivuli au huoni?"

Jini akainama, akatazama. "Ninakiona," akasema. "Basi nitangoja." Na ukuta ukammeza.

Sultani akatoa robo ya hazina kama alivyoahidi, na akawaozesha wawili hao mwenyewe, na tangu hapo Ghalibu hakutoka juani ila ubavuni mwa mkewe, wakienda na kivuli kimoja, na watu wakiwatania. Bunduki ikafukiwa. Vitu vingine vyote vya nyumba ile, ngazi, kinu, punda, hata chekeche, vikawa havilali nyumbani, kwa sababu Ghalibu aliwaazima majirani bila kuombwa, wala hakuuliza vitarudi lini.

Miaka ikapita, na Salihina akafariki, na ikasadifu kuwa siku ya mazishi hapakuwa na wingu hata moja. Ghalibu, mzee sasa, alitoka nyuma ya jeneza bila kujali, na kwenye kona ya mtaa alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye kilemba cha majivu, ameshika kamba ile ile. Ndipo mtu mmoja aliyewahi kuazima ngazi akamsogelea Ghalibu upande wa jua. Akaja wa kinu. Akaja wa punda. Wakamzunguka wote, wakatembea naye bega kwa bega mpaka makaburini na kurudi, na siku zilizofuata wakawa wakimngoja mlangoni kwa zamu, hata siku walipomlaza karibu na mkewe, chini ya udongo, ambako jua halifiki na hakuna anayeulizwa kivuli.

Mwenye kilemba alikagua njia nzima akitafuta upenyo, asipate. Aliye na kitu na akiazime, maana hajui siku atakayokuwa hana. Hekaya nimeipokea mkononi mwa mwingine, nami ninakuazima. Ukiichoka, mpe jirani.